Mnyororo wa Udongo

Leo tuziache kidogo habari za mbegu na nafasi za kupandia, tuzungumze historia. Ni historia ya udongo, na jinsi wataalamu walivyoupima na kuuchora katika ramani. Usiseme, "Aa, hayo ni ya wasomi." Mfuko wa mbolea unaoununua kwa fedha yako ya kahawa ndio unaozungumzwa hapa.

Twende kwanza Amani, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Waingereza waliposhika nchi wakakifanya kituo cha kilimo cha Afrika Mashariki nzima, na mtaalamu wa udongo pale akawa Bwana Geoffrey Milne. Kazi yake ilikuwa kubwa kweli kweli: kuchora ramani ya udongo wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, yeye na wenzake wachache. Satelaiti hazikuwepo. Barabara zilikuwa za kuhesabu.

Tena udongo wenyewe haukutulia. Kila alipopanda au kushuka mlima ulibadilika. Wewe unalijua jambo hilo tangu utoto. Simama juu ya kilima hapo kwenu Ngara: utakuta mawe na changarawe, udongo wenyewe kiasi cha kiganja. Shuka katikati ya mteremko, utakuta udongo mwekundu wenye kina, jembe linazama. Fika bondeni, udongo ni mweusi au wa kijivu, unanata, na mvua ikinyesha maji yanatuama. Hatua mia chache tu, na udongo wa namna tatu. Vuka uende kilima cha pili: mpangilio ni ule ule. Sasa mtu atauchoraje katika karatasi?

Milne akapata jibu, akaliandika mwaka 1935. Alisema tusichore kila udongo peke yake, bali tuchore mpangilio mzima, kutoka kileleni hadi bondeni, kama kitu kimoja. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Maana yake pete za mnyororo zimeshikana. Mvua huosha chembe laini na chakula cha mimea kutoka juu na kuvipeleka chini. Palipo na hewa, chuma kilichomo ardhini hupata kutu, udongo ukawa mwekundu. Palipotuama maji, hewa haiingii, rangi hiyo hupotea. Kwa hiyo ukilima ovyo kileleni, wa bondeni naye atazipata habari zako. Neno katena limeenea, na wanafunzi wa udongo duniani kote hulisoma hadi leo. Mimi hufurahi nikikumbuka kwamba lilitokana na vilima vya huku kwetu.

Lakini tusimpe Milne sifa zote. Wasukuma walikuwa na majina yao tangu zamani: luseni ni udongo wa kichanga wa mteremko, chini yake itogolo, na bondeni kabisa mbuga. Mnyororo ule ule, ila haukuandikwa kitabuni.

Ramani ilitoka mwaka 1936. Sentimita moja katika karatasi ilikuwa kilomita 20 ardhini. Ncha ya kalamu ya risasi ingefunika kijiji kizima na mashamba yake! Ilimfaa mpanga mipango wa nchi, haikuweza kumwambia mtu mmoja apande nini.

Mwaka 1938 Milne aliandika makala juu ya Bukoba, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Alitaka kujua kwa nini kibanja cha Mhaya, chenye migomba na kahawa, kina rutuba, na rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio jirani, hauna kitu. Asili ya udongo ni ile ile iliyochoka. Jibu likawa ni mkono wa mtu: samadi, takataka za nyumbani, na nyasi zilizobebwa kutoka rweya kuja kutandazwa kwenye migomba, vizazi kwa vizazi. Basi rutuba ile ilihamishwa, na kinachohamishwa kinaweza pia kuondoka. Watafiti waliopima Bukoba katika miaka ya 1990 waliona hivyo hivyo: mwenye ng'ombe shamba lake lina nafuu, na asiye na ng'ombe shamba lake hutoa kuliko linavyopokea.

Milne alifariki mwaka 1942. Taarifa ya safari yake ndefu ya Tanganyika, aliyoifanya kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936, ilichapishwa mwaka 1947, mwenyewe hayupo.

Siku hizi upimaji umekwenda mbali. Udongo humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na kutokana na mwanga unaorudi mtaalamu hukisia kilichomo. Mwaka 2021 ilitolewa ramani ya Afrika iliyotengenezwa kwa sampuli zaidi ya 100,000 na picha za satelaiti, na kila kipande chake ni mita 30 kwa 30, pungufu kidogo ya robo eka. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, kipande hicho ni makisio ya hesabu; hakuna aliyekuja kuchimba kwako. Hakijui kwamba zizi la marehemu babu lilikuwa pale kwenye mparachichi.

Ndiyo maana bado twahitaji udongo wako wenyewe. Chukua ndoo safi ya plastiki. Chimba mahali 15 hadi 20 kwa kupita zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganye, kisha ubakize kama nusu kilo. Usichimbe penye kichuguu, jaa la samadi wala palipochomwa moto. Na ule wa kilimani usiuchanganye kabisa na wa bondeni: kila pete ya mnyororo na mfuko wake. Anika kivulini, andika jina lako, mahali ulipochimba na zao lililokuwepo, umpelekee bwana shamba wa kata kabla hujanunua mbolea ya msimu.