Mkulima ni Mmoja, Walaji ni Wengi

Wengi hudhani kuwa gari linalojiongoza lenyewe ni jambo la juzi tu, lililozuliwa na matajiri wa Marekani. Historia yasema vingine, na yafaa ikumbukwe na kila anayeuliza kwa nini fedha za umma ziingie katika utafiti.

Mwaka 1987 nchi za Ulaya Magharibi, chini ya mpango wa Eureka, zilianzisha mradi ulioitwa Prometheus. Serikali, vyuo vikuu na viwanda kama Daimler-Benz, Volvo na Fiat vilitafuta pamoja jinsi ya kutumia kompyuta na mawasiliano kupunguza ajali na misongamano. Profesa Ernst Dickmanns wa Munich alilifundisha gari kuona njia kwa kamera. Mwaka 1995 gari lake lilitoka Munich hadi Denmark na kurudi, zaidi ya kilomita 1,600, sehemu kubwa ya safari likijiongoza. Mwaka huohuo mradi ukafika mwisho.

Marekani nako, sheria ya 1991 iliagiza kwamba mfano wa barabara kuu ya magari yanayojiendesha uwe tayari ifikapo 1997. Agosti mwaka huo, mjini San Diego, magari na mabasi yalijiendesha hadharani kwenye kipande cha kilomita 12 hivi. Baada ya onyesho hilo lililofana, serikali iliondoa fedha zake.

Je, zilipotea bure? Tutazame yaliyofuata. Mwaka 2004 Idara ya Ulinzi ya Marekani iliandaa mashindano katika jangwa la Mojave. Hakuna gari lililofikisha kilomita 12. Mwaka 2005 magari matano yalimaliza mwendo wote. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichokuwapo San Diego, kilishika nafasi ya pili na ya tatu. Miradi ilikuwa imefungwa, lakini watu waliofunzwa ndani yake walikuwapo.

Sisi tuliolea walimu twalijua hilo: matunda ya chuo hayahesabiwi siku ya mahafali. Anayekata fedha mapema huona gharama tu, kwa kuwa mavuno bado yamo vichwani mwa watu.

Lakini mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mlipa kodi ndiye aliyelima; leo wauzaji ni makampuni. Haki yake basi ni moja: barabara zisizoua, hata kwa yule atembeaye kwa miguu.