Kabati la hadithi: mwongozo kwa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule

Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi ya huku kwetu aliniomba nikamtazamie maktaba yake. Nilikwenda baada ya swala ya adhuhuri. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati la chuma pembeni mwa ofisi ya walimu, na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa gredi ya nne, aliyepewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote. Tulipolifungua tulikuta vitabu vya kiada, kamusi tatu, na hadithi za watoto kiasi cha arubaini, safi kabisa, zanukia dawa ya mende. Nikauliza mbona hazijaguswa. Mwalimu akanijibu bila kuficha: "Tukiwapa watavirarua, Ustadh, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Sikumlaumu. Hakuna aliyemfundisha kazi ya maktaba, na kitabu kikipotea jina linaloandikwa ni lake. Chini ya kabati hilohilo palikuwa na vishikwambi vilivyoletwa kwa ajili ya gredi ya kwanza miaka mingi nyuma. Tulivichomeka kwenye umeme, vinne vikawaka. Hapo ndipo nilipoahidi kurudi kila Alhamisi, na haya ninayoandika ni yale tuliyoyajaribu sisi wawili. Nayaandika kwa ajili ya mwalimu mwengine aliyeshikishwa ufunguo kama yeye.

Kwanza, hadithi ziko wapi. Mahali pa kuanzia ni African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Humo mna hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia kitabu cha neno moja moja kwa kila picha mpaka hadithi ndefu ambazo mwalimu huwasomea watoto kwa sauti. Pana programu yake ya simu pia: ukishaziteremsha hadithi ulizochagua zinasomeka bila intaneti, na hili kwetu ni kubwa, maana bando la mwalimu hutoka mfukoni mwake.

Mahali pa pili ni StoryWeaver ya Pratham Books, wachapishaji wa vitabu vya watoto wa India, iliyofunguliwa mwaka 2015. Hiyo ina ngazi nne. Utahitaji kujiandikisha ndipo uteremshe, lakini hulipi kitu. Picha zake nyingi ni za Kihindi, wanawake wa sari na magari ya bajaji, na usidhani hilo litawashangaza watoto wa Mombasa au Malindi. Ya tatu ni Bloom ya shirika la SIL, ambayo pamoja na maktaba yake ina programu ya kutengenezea vitabu vidogo kwenye kompyuta. Kwa Kiingereza, Storyline Online ya Marekani ina waigizaji wanaosoma vitabu vya watoto mbele ya kamera, na kila kitabu kina mwongozo wa mwalimu. Miongozo hiyo isome hata kama hutaonyesha video. Utajifunza namna wenzetu wanavyouliza maswali kabla ya kusoma, katikati na baada, na waweza kuipachika njia hiyohiyo kwenye hadithi ya Kiswahili.

Nyingi ya hadithi za African Storybook na StoryWeaver zimetolewa kwa leseni ya wazi ya Creative Commons. Maana yake ni kuwa wenyewe wamekwisha kukuruhusu kunakili, kuchapa, kutafsiri na hata kubadilisha, mradi uandike jina la mtunzi, la mchoraji na mahali ilipotoka. Zipo chache zenye alama ya NC, hizo usiuze. Tofautisha hizi na vitabu vya dukani. Kupiga fotokopi kitabu kizima cha mwandishi wa Kenya na kuwagawia darasa ni kumla mwandishi jasho lake, hata kama nia ilikuwa njema.

Sasa vipi zinafika mikononi mwa watoto bila intaneti darasani? Sisi tulifanya hivi. Jumatano usiku mimi nateremsha hadithi tatu au nne nyumbani, kwa PDF. African Storybook hukupa pia PDF iliyopangwa kama kijitabu, ukichapa pande mbili za karatasi, ukakunja na kupiga stepla katikati, kimetoka kitabu. Picha za rangi zikichapwa kwa wino mweusi hufifia, kwa hiyo chagua hadithi zenye michoro ya mistari. Zile zenye rangi nzuri tunaziweka kwenye vile vishikwambi vinne, watoto wanane kwa kila kimoja, na hapo lazima mmoja awe msomaji na mmoja mshika kifaa, la sivyo kipindi chote kitakwisha kwa kugombania. Kijitabu cha fotokopi kina faida moja niliyoiona kwa macho: kikiraruka, mwalimu haogopi. Mtoto aenda nacho nyumbani.

Lakini usichape kitu ambacho hujakisoma chote. Hadithi nyingi za humo zimetafsiriwa na watu wa kujitolea, na Kiswahili chake ni cha kila rangi. Nimekutana na sentensi zinazonuka Kiingereza, upatanisho uliokatika, na wanyama wanaobadilisha ngeli ukurasa hadi ukurasa. Mtoto wa pwani akisoma hivyo ataona ama yeye hajui lugha yake ama kitabu hakijui, na yote mawili ni mabaya. Habari njema ni kuwa leseni yakuruhusu kusahihisha. Nasi tuliigeuza kasoro kuwa somo: gredi ya sita walipewa ukurasa mmoja wenye makosa, wakaambiwa wauandike kama ambavyo mama zao wangeusema. Dakika kumi za kwanza walisitasita. Baadaye kelele zilitoka hadi ofisini.

Somo hilo lilituletea jengine, nalo ndilo nalipenda kuliko yote. Msichana mmoja aliandika "ndia" mahali pa "njia", kisha akaifuta kwa haraka kama aliyeshikwa anaiba. Nilimuuliza kwa nini amefuta. Akasema shuleni hiyo ni kosa. Basi mwalimu akachora mistari miwili kwenye karatasi ya manila, upande mmoja Kiswahili sanifu, upande wa pili "kwetu". Njia na ndia, macho na mato, mchele na mtele. Watoto wenye bibi wa Lamu wakaongeza yao, waliotoka Kwale wakaleta Kidigo, wengine Kigiriama. Mtihani utafanywa kwa sanifu na lazima waijue. Hapo sina ubishi. Lakini Kimvita na Kiamu ni lahaja zilizobeba tenzi kabla sanifu haijapangwa na kamati miaka ya 1930, na mtoto hastahili kuzionea haya. Hadithi ya African Storybook yenye sentensi moja kwa ukurasa yafaa sana kwa kazi hii: darasa linaitafsiri kwa lugha ya nyumbani, mwalimu anaipitia pamoja na mzazi anayeijua vizuri, kisha inaweza kupandishwa tovutini ikasomwa na wengine.

Somo la pili ninalolipendekeza linahitaji vipindi viwili au vitatu, na ni la gredi za juu. Chukua ngano ya kima na papa. Kila mtoto wa pwani ameisikia kwa namna fulani: kima aketi juu ya mkuyu ulioinamia baharini, amtupia papa matunda, wakawa marafiki. Papa amwalika kwao, na katikati ya maji amwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kuwa moyo ameuacha juu ya mti. Askofu Edward Steere aliichapa pamoja na ngano nyengine alizozikusanya Unguja katika Swahili Tales, London, mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kitabu hicho hakina tena haki ya mtu na chapatikana bure intanetini. Zanzibar Tales ya George W. Bateman ya mwaka 1901 inayo pia, kwa Kiingereza chepesi.

Usiishie hapo. Ngano hiyo imo katika Panchatantra ya India, ila huko papa ni mamba na mti ni mzambarau. Imo katika Kalila wa Dimna, aliyoitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa karne ya 8, na huko ni kobe wa majini na mti ni mtini. Mkuyu wetu nao ni wa jamii ya mtini. Chora ramani ya Bahari ya Hindi ubaoni, India, Ghuba, Unguja, Mombasa, kisha uwaulize watoto: hadithi hii ilipandaje jahazi? Nani aliibeba? Kwa nini kwetu mamba aligeuka papa? Wagawe makundi matatu, kila kundi na nchi yake, waigize sehemu ileile ya moyo uliosahauliwa. Kijana mmoja mtukutu, ambaye kusoma kwa sauti kulikuwa kwamtia jasho, alikuwa kima. Alirudia mstari wake nyumbani wiki nzima, dada yake ndiye aliyetuambia.

Kwa watoto wadogo mambo ni mepesi zaidi. Funika maneno, onyesha picha tu, waache waseme kinachotokea, kisha soma na mwone nani alikaribia. Anza kwa "Paukwa!" na usisome neno mpaka darasa zima lijibu "Pakawa!" Simama kabla ya ukurasa wa mwisho na uwaache watege mwisho wao. Dakika kumi na tano kila siku zashinda saa moja ya Ijumaa. Na jamani, usimalize kila hadithi kwa "Tumejifunza nini?" Watoto wameshatambua kuwa swali hilo lina jibu moja, utii, na hulitoa kabla hujamaliza kuuliza. Waulize ni nani wangependa akae naye jirani.

Kuna jambo la nyanya zetu. Ngano nyingi za huku hazimo tovuti yoyote, zimo vifuani mwa watu wa umri wa miaka sabini na themanini. Marehemu shangazi yangu alikuwa akihadithia usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, ngano ndefu ya jini na binti mvuvi iliyokuwa na nyimbo ndani yake. Sikuirekodi. Nazikumbuka nyimbo mbili na katikati yote imepotea. Kwa hiyo mpe kila mtoto kazi: akae na bibi au babu, arekodi hadithi kwa simu ya mzazi, dakika tano zatosha. Darasani isikilizwe, iandikwe, ichorwe, ipigwe stepla iwe kitabu chenye jina la mzee jaladani. Muombe mzee ruhusa mapema, umweleze kama itabaki shuleni au itatoka nje. Ukitaka kuweka sauti au picha ya mtoto intanetini, sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi. Karatasi moja iliyotiwa saini yatosha kukuepusha na fedheha.

Wazazi wetu nao wana wasiwasi wao, na usiupuuze. Wengine huuliza kama hadithi zina mambo yasiyofaa mtoto wa Kiislamu. Dawa ni kuwaita waone. Mwalimu wetu alitandika vijitabu mezani siku ya mkutano wa wazazi na akawaacha wasome wenyewe. Zilizokataliwa ni mbili, na moja hata mimi niliona haina maana. Pia panga saa za maktaba ukijua kuwa jioni watoto wako chuoni. Mapumziko ya saa nne, au nusu saa kabla ya kengele ya kwanza, ndiyo saa zilizotufaa.

Ukitaka siku za kusherehekea, zipo: tarehe 2 Aprili ni siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto, 23 Aprili ya vitabu na hakimiliki, na 7 Julai ya Kiswahili duniani. Aprili mara nyingi shule zimefungwa, basi fanyeni kabla au baada.

Mwisho, daftari la kuazimia. Halihitaji kompyuta. Tarehe, jina, kitabu, tarehe ya kurudisha. Gredi ya saba ndio walioshika daftari letu, wawili wawili kwa zamu ya wiki, na ni wakali kuliko mwalimu. Hadithi zile arubaini za kabatini nazo zimetoka. Mpaka muhula ulipofungwa, vitatu vilikuwa vimeraruka na kimoja hakijarudi. Vile vitatu vimebandikwa selotepu. Hicho cha nne twajua kiko nyumba gani; mtoto amesema dada yake hajakimaliza.