Majina Yaliyoishi Kwenye Laini

Kabla simu za mkononi hazijazoeleka hapa mtaani kwetu Majengo, kusini mwa Tanzania, namba za watu zilikaa kwenye daftari: ya ofisi, ya duka, ya jirani mwenye simu ya mezani. Vodacom ilianza kazi Tanzania mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001. Kadiri minara ilivyosogea kusini, daftari likahamia ndani ya laini.

Mimi ni fundi simu, na laini za wakati ule zimepita sana mikononi mwangu. Nyingi zilibeba hadi majina 250, kila jina kama herufi 14 na namba moja tu. Jina kama FUNDI LIZABONI, yaani fundi wa Lizaboni, liliingia kwa kubanana. Shangazi mwenye namba mbili aliandikwa mara mbili. Lakini kusevu kwenye laini kulikuwa na maana kubwa. Simu moja ilitumiwa na nyumba nzima, kila mtu na laini yake. Ukichomeka yako, watu wako wote wapo.

Baadaye tarakimu za mwanzo zilibadilishwa nchi nzima: 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784. Majina yaliyoseviwa yakabaki na namba za zamani, watu wakakaa kuyarekebisha moja baada ya jingine.

Laini ina kazi nyingine kubwa zaidi. Imebeba utambulisho wa tarakimu 15, unaoanza na 640 kwa laini za Tanzania, na ufunguo wa siri ambao mtandao huutumia kukutambua. Namba unayowapa watu imeunganishwa na utambulisho huo kwenye mitambo ya kampuni. Ndiyo maana laini ikipotea, unapewa nyingine yenye namba ileile. Salio la M-Pesa, huduma iliyoingia nchini mwaka 2008, nalo unalikuta, kwa kuwa halikai kwenye kadi.

Mama mmoja muuza mahindi aliniuliza, “Mwanangu, pesa zangu zimerudi, mbona watu wangu hawajarudi?” Wanunuzi wake wa Makambako, madereva, hata mkwewe, wote walikuwa kwenye kadi iliyopotea tu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza 2019 unathibitisha mwenye laini. Majina ya watu wako hayamo. Simu janja huyatunza kwenye akaunti ya intaneti, lakini kitochi hakina pa kuyapeleka. Kwa hiyo mwenye kitochi namwambia waziwazi: nunua daftari, uwaandike wanaokulisha na watakaokuuguza.