Kijitabu cha Wanafunzi wa Montreal

Msomaji, yumkini utastaajabu kusikia kwamba iliwahi kuwapo nchi ambayo ndani yake kuuza au kutangaza kitu cha kuzuia mimba kulikuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Nchi hiyo ilikuwa Kanada, na sheria yenyewe ilitungwa mwaka wa 1892. Mwaka wa 1936 mwanamke mmoja, Dorothea Palmer, alikamatwa katika mji wa Eastview, karibu na Ottawa, kwa kuwa alikwenda nyumba hata nyumba akiwaeleza wanawake namna ya kupanga uzazi. Mwaka wa 1937 hakimu alimwachilia, akaona kwamba alitenda kwa manufaa ya umma. Hata hivyo sheria ilibaki vile vile kwa zaidi ya miaka thelathini.

Fikiri basi hali ya msichana wa chuo kikuu katika miaka ya 1960. Alifundishwa hesabu, historia na falsafa, lakini habari za mwili wake mwenyewe alizipata kwa minong'ono. Madaktari wengi walisita kumshauri mwanamke asiyeolewa. Aliyeshika mimba asiyoitazamia aliweza kupoteza masomo yake yote, hali kijana mwenziwe akiendelea na yake. Wako waliokwenda kuitoa kwa siri, kinyume cha sheria. Wengine wakarudi na madhara, na wengine hawakurudi.

Katika mji wa Montreal kuna Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka wa 1968 chama cha wanafunzi wa chuo hicho kilitoa kijitabu juu ya uzazi na njia za kuzuia mimba. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa wanafunzi wawili, Donna Cherniak na Allan Feingold. Walijua kwamba sheria ya 1892 ingali ipo, nao wakachapa.

Yafaa uangalie namna walivyoifanya kazi yao. Hawakutukana mtu, wala hawakuandika mzaha. Walieleza viungo vya uzazi, hedhi, na jinsi mimba inavyotungwa. Kisha wakazipitia njia za kuzuia mimba moja baada ya moja, wakitaja nguvu ya kila moja, upungufu wake na hatari zake. Walitumia maneno mepesi na karatasi rahisi kama ya gazeti, ili bei isimzuie mtu. Wanafunzi wa vyuo vingine, katika Kanada na Marekani, wakaanza kukiagiza. Na katika miaka michache nakala zake zilihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka wa 1970 ikatoka nakala ya Kifaransa, lugha ya watu wengi wa jimbo lile la Quebec.

Mwaka wa 1969 Bunge la Kanada liliondoa kosa lile katika sheria. Tusiseme kwamba kijitabu ndicho kilichoiondoa, maana wengi walikuwa wameidai kazi hiyo kabla yake. Lakini sheria ikibadilika, ujinga haubadiliki siku ile ile. Kufungua mlango ni kazi moja, na kumwongoza mtu apite ni kazi nyingine; hii ya pili ndiyo waliyoifanya wanafunzi. Baadaye waliunda shirika lao la uchapaji mjini humo, wakatoa vijitabu vingine juu ya maradhi ya zinaa na juu ya ubakaji.

Huenda ukasema kwamba mambo haya ni ya ugenini, na kwamba kwetu mafunzo kama haya ni aibu. Kumbuka, lakini, kwamba katika pwani yetu mwari alipovunja ungo alikabidhiwa somo wake, naye akamfunza mambo ya mwili na ya unyumba waziwazi. Wazee hawakuona haya kufundisha; waliona haya kumwacha mtoto ajifunze njiani. Somo hakuwafikia wote, na leo wasichana wengi hawana hata huyo.

Basi, msomaji, ukiwa msichana, usione aibu kumwuliza mwalimu, mzazi au mwuguzi jambo linalohusu mwili wako. Ukiwa mvulana, jua kwamba elimu hii ni yako pia, maana mimba haitungwi na mtu mmoja. Na siku utakapotaka kudai jambo la haki kwa wenzako, fanya kama wale wa Montreal: jifunze kwanza, hakikisha kila neno, ndipo useme. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.