Aina Nyingi Katika Hadithi Moja

Mtunzi wa kitabu ana chombo kimoja, nacho ni neno. Mtunzi wa mchezo wa video ana chombo cha pili, nacho ni mikono ya mchezaji. Kwa hivi hukabiliwa na swali lake peke yake: mikono hiyo ipewe kazi moja tangu mwanzo hata mwisho, au ipewe kazi nyingi, mara upanga, mara mbio, mara fumbo? Wako wasemao kuwa aina nyingi huondoa uchovu. Wako wajibuo kuwa mshika mbili moja humponyoka. Historia ya michezo hiyo ina ushahidi kwa pande zote mbili.

Mwaka 1997 kampuni ya Square ya Japani ilitoa Final Fantasy VII. Humo Aerith, msichana aliyesafiri na mchezaji kwa saa nyingi, huuawa kwa upanga, na Cloud, shujaa wa hadithi, huuzika mwili wake majini. Kitambo si kirefu baadaye Cloud huyo huyo hupanda ubao na kuteleza mlimani juu ya theluji, kwa muziki wa kuchangamsha. Mteremko huo ni sehemu ya safari, lakini hauna neno na msiba. Ni kama matanga yaliyovunjwa kabla ya siku zake, na wavunjaji ni wafiwa wenyewe.

Mwaka 2010 ulitoka NieR, ulioongozwa na Yoko Taro. Sehemu yake kubwa ni vita vya upanga. Lakini shujaa afikapo katika kijiji cha msituni ambacho watu wake wamenaswa na ndoto, picha hutoweka, na maandishi hushika nafasi yake, mfano wa michezo ya kompyuta ya miaka ya 1970 ambayo ilikuwa maneno matupu. Badiliko hilo ndilo ndoto yenyewe. Mchezaji naye hunaswa.

What Remains of Edith Finch, wa mwaka 2017, ulikwenda mbali zaidi. Marehemu wengi wa ukoo mmoja husimuliwa, kila mmoja kwa mchezo wake. Lewis ni kijana afanyaye kazi katika kiwanda cha samaki. Mkono mmoja wa mchezaji hukata vichwa vya samaki bila kukoma. Wa pili huongoza ufalme ulio katika mawazo ya Lewis. Ufalme hukua hata ukafunika kiwanda, na mwisho wa ndoto ndio mwisho wa maisha yake. Msiba huo mchezaji huufahamu kwa mikono kabla ya kuelezwa.

Yamkini mtu atasema kuwa mlinganisho huu una dhuluma: mchezo wa Edith Finch huisha kwa saa chache, na wa Cloud ni safari ya makumi ya saa, na safari ndefu ina haki ya vituo. Ni kweli. Hata hivyo msafiri mwenye busara hapumziki kaburini. Ubao ule ungaliwekwa mahali pengine ungalikuwa burudani halali. Aina za mchezo na ziwe nyingi kadiri mtunzi awezavyo, maadamu kila moja hujua hadithi imefika wapi.