Pima, Zamu na Nairuzi

Nungwi, kaskazini ya Unguja, ukimuuliza nahodha wa zamani Pemba iko mbali kiasi gani, hakutajii maili. Ami yangu, aliyeendesha jahazi kabla mashine hazijaenea, alinijibu kwa kuniuliza: "Kwa upepo upi?" Nikasema kusi. "Basi tweka tanga alfajiri, adhuhuri hukosi kuwa Mkoani. Kurudi ndiyo kazi, mwanangu."

Nimesomesha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na jibu lile naliheshimu kama somo zima. Mwaka 1687 Isaac Newton aliandika kwamba nafasi na wakati vipo vyenyewe, bila kutegemea kitu chochote. Gottfried Leibniz alilipinga hilo katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716: nafasi ni mpangilio wa vitu vilivyopo pamoja, na wakati ni mpangilio wa mambo yanayofuatana. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuwamo katika mjadala huo, lakini vipimo vyao vilishaegemea upande wa Leibniz zamani.

Ahmad ibn Majid, mwalimu wa bahari mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mnamo mwaka 1490. Humo umbali unahesabiwa kwa zamu: zamu moja ni mwendo wa saa tatu, na usiku na mchana ni zamu nane. Kuelekea kusini au kaskazini kulipimwa kwa vidole, yaani nyota ya Kaskazini imesimama vidole vingapi juu ya upeo wa macho.

Kina nacho kilipimwa kwa mwili. Ami alitupa bildi, risasi iliyofungwa kambani, akaiacha mpaka iguse chini. Kisha akaivuta huku akikunjua mikono, kamba ikipita kifuani kutoka ncha za vidole vya huku hadi ncha za vidole vya kule. Kila mkunjuo ni pima moja. Pima ni mikono minne, na mkono ni shibiri mbili.

Wakati wa safari ulihesabiwa kwa Nairuzi, mwaka wa jua uliotoka Uajemi, wenye siku 365. Siku zake hupangwa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo, miongo ni 36, na siku tano za mwisho huitwa gatha. Kwa miongo hiyo mkulima alijua lini apande na nahodha lini aondoke. Mwaka wa Kiislamu usingewafaa kwa hilo, kwani ni mfupi kwa siku kama 11, na miezi yake huzunguka misimu yote, ilhali kaskazi na kusi hufuata jua.

Nairuzi nayo husogea. Haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, hivyo hulitangulia jua kwa takriban robo siku kila mwaka. Zama za Ibn Majid siku yake ya kwanza iliangukia Novemba; leo watu wa Makunduchi, Unguja, wanakoga mwaka, yaani wanasherehekea siku hiyo, mwezi wa Julai, wanaume wakichapana kwa migomba na kibanda cha makuti kikitiwa moto. Zidisha robo siku kwa karne tano na ushei, utaipata miezi minne ya kurudi nyuma, kutoka Novemba hadi Julai. Nahodha aliyeshika namba za babu yake bila kuzisogeza angekuta upepo bado haujageuka.

Tangu 1967 sekunde ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya siziamu. Tangu 1983 mita ni mwendo wa nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Urefu umerudi kusimama juu ya mwendo na muda, kama ilivyokuwa zamu. Tofauti ni kwamba nuru haingoji kusi wala kaskazi.

Wazee wanaojua miongo wanapungua. Shule zetu ziwaalike madarasani wangali hai. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini Nairuzi imetoka Novemba ikafika Julai ameshaelewa kwamba kila kipimo kimefungwa kwenye mwendo fulani, na kwamba kazi ya mpimaji ni kuujua mwendo huo na kuukagua kila mara.