Nani Aliuangusha Mji wa Rumi?

Wahenga walisema, "Jogoo awike asiwike, kutakucha." Mithali hii twaijua sote, lakini tukiisha kuketi barazani twaisahau. Kila alfajiri jogoo huwika kwanza, kisha jua huchomoza. Wala hapana mtu mwenye akili asemaye ya kuwa jogoo ndiye aletaye jua. Lakini katika mambo mengine twahoji vivyo hivyo: hili lilitangulia, lile likafuata, basi hili ndilo lililolileta lile. Kosa hilo ni la zamani sana, na hata wenye elimu kuu liliwapata. Leo nataka kuwapa habari za wakati lilipowafadhaisha Wakristo wengi, na za Mwafrika aliyelijibu.

Katika mwaka 391 Kaisari Theodosius alikataza watu wa Rumi wasitoe tena dhabihu kwa miungu ya kale. Miaka 19 ikapita. Mwezi wa Agosti, mwaka 410, Alaric, mkuu wa Wagoth, akaingia Rumi na jeshi lake, wakateka nyara siku tatu. Kwa muda wa miaka 800 hivi adui mgeni hakupata kuuteka mji ule. Wakimbizi wakavuka bahari hata Afrika ya Kaskazini, na wale walioshika dini ya kale wakaanza kusema: Tulipowatolea miungu dhabihu, mji ulisimama, dhabihu zilipokoma, mji ulianguka, basi Ukristo ndio uliouangusha. Wakristo wengi walikosa la kujibu, kwa kuwa baadhi yao wenyewe walikuwa wamezoea kuhoji kwa njia ile ile, wakisema ya kuwa dola imestawi kwa sababu Makaisari wameamini.

Wakati huo askofu wa Hippo alikuwa Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Kabla ya kubatizwa alikuwa mwalimu wa ufundi wa kusema, akafundisha Carthage, na Rumi, na Milan. Kwa hiyo alijua sana jinsi neno liwezavyo kupendeza masikioni, nalo halina nguvu ndani yake. Mwaka 413 akaanza kuandika kitabu kiitwacho Mji wa Mungu, akakimaliza mwaka 426, nacho kina sehemu 22.

Aliwarudisha wenye mashtaka katika historia yao wenyewe. Je, kabla ya Kristo kuzaliwa, dhabihu zilipotolewa kila siku, Rumi haukupata msiba? Wagalli waliuteka mji karibu na mwaka 390 kabla ya Kristo. Mwaka 216 kabla ya Kristo Hannibal aliwaua askari wa Kirumi maelfu na maelfu mahali paitwapo Cannae. Siku zile Mkristo alikuwa wapi? Ikiwa ugonjwa ulikuwamo nyumbani kabla mgeni hajabisha hodi, mgeni ashtakiwaje kwamba ameuleta? Tena akawakumbusha ya kuwa Wagoth waliwaacha hai watu waliokimbilia makanisa ya Petro na Paulo, na katika wale waliookoka humo wamo waliotoka wakilaumu jina la Kristo.

Kisha akawageukia na watu wake. Akawafundisha ya kuwa katika dunia hii mema na mabaya huwapata wenye haki na waovu pia. Basi kustawi kwa mtu si ushahidi wa haki yake, wala msiba si ushahidi wa dhambi yake.

Ndugu zangu, msidhani mambo haya ni ya Rumi tu. Katika kijiji kimoja nilikokuwa mwalimu, mama mmoja mzee alipita uani kwa jirani, akamsalimu mtoto, akamsifu. Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa, akafa. Watu wakasema, "Alimsifu, kisha mtoto akafa." Neno likazidi, hata mama yule akahama kijiji alichozeekea. Hapana aliyeuliza: Juma lile aliwasalimu watoto wangapi, nao wangali wakicheza? Na masika yale homa iliwaua watoto wangapi katika nyumba ambazo hakukanyaga mlangoni? Mimi nalikuwapo barazani. Nalijua maswali hayo, nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa kuambiwa kwamba namtetea mchawi.

Kwa hiyo tukisikia, "Hili lilitangulia, basi ndilo lililoleta," na tuulize mambo mawili kabla ya kuitikia. Je, lile la pili limewahi kutokea pasipo hili la kwanza? Na hili la kwanza limewahi kutokea, lile la pili lisifuate?

Augustino alikufa mwaka 430, nao Wavandali wameuzunguka mji wake wa Hippo. Ulikuwa mji wa Wakristo, na askofu wake alikuwa mtu wa sala. Hakupata kuwaahidi ya kuwa mji wa waaminio hautazungukwa na adui. Aliwafundisha tu wasimtwike mtu lawama isiyo yake. Nasi tukikaa barazani, tusinyamaze.